Akiba ya uzeeni ipo nchi mbili, mimi naishi ya tatu: niliyoyaona kwenye kodi

Naandika hii kwa yeyote aliyefanya kazi nchi zaidi ya moja na huko kote alikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzee. Mi nilifanya kazi Uingereza miaka mingi, afu nikaenda Marekani kwa visa ya kazi, sasa hivi naishi nchi ya tatu ambayo sitaitaja kwa sababu haibadilishi kitu, kinachobadilisha ni hiki: ina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili na Uingereza, na Marekani haina. Shika hapo maana nusu ya stori yote inatoka hapo.

Wakati unakatwa michango hakuna anayekukalisha chini akakwambia kwamba kodi haijasamehewa, imeahirishwa. Na kama umehama, atakayekuja kuidai anaweza kuwa serikali nyingine kabisa, ambayo haikuwa sehemu ya makubaliano yale na wala haijali uliahidiwa nini. Utandawazi umeturahisishia kubeba ujuzi wetu tukafanye kazi popote, lakini sheria za kodi za pensheni zimebaki zinaandikwa kama vile mtu anazaliwa, anafanya kazi na anazeeka nchi moja.

Ngoja nieleze kwanza inavyokwenda maana bila hii mengine hayataeleweka. Kuna hatua tatu ambazo serikali inaweza kukukata: hela inapoingia kwenye mfuko, inapokua ndani ya mfuko, na unapoitoa. Uingereza na Marekani kwa kawaida wanakuacha hatua mbili za kwanza, wanakusubiri ya tatu. Marekani kuna na aina nyingine inaitwa Roth, hiyo unalipa kodi kabla ya kuweka na ukizitoa kwa kufuata masharti hukatwi. Australia wanakata asilimia 15 mchango wa mwajiri ukiingia, wanakata tena hadi asilimia 15 kwenye faida, afu ukifika 60 na umestaafu wengi wanatoa bila kodi. Denmark wao wanakata asilimia 15.3 kwenye faida kila mwaka, na ukitoa wanakukata tena kodi ya mapato.

Sasa chukua mtu aliyeweka akiba Australia, tayari amekatwa mlangoni, akahamia nchi ambayo inatoza pensheni inapotoka. Atakatwa huku na huku na kila upande utamwambia umefuata sheria yake, na ni kweli umefuata. Mwingine aliweka nchi inayotoza mwishoni akastaafia nchi isiyogusa pensheni za nje, huyo anaweza kupita bila kulipa popote. Wote wawili ni watu wa kawaida tu, hakuna mjanja wala mjinga, tofauti yao ni walikuwa wapi siku hela inatoka.

Hiyo ndo kitu nilichokuja kuielewa polepole na imenisumbua sana: tunahangaika miaka na miaka kuchagua mfuko wenye faida nzuri, tunabishana asilimia moja hapa asilimia moja pale, kumbe tarehe unayochukua hela na nchi unayohesabika mkazi tarehe hiyo inaweza kukugharimu au kukuokolea kuliko faida ya miaka kadhaa.

Nilipoondoka Marekani nilipitia Uingereza kwa mambo ya familia nikakaa miezi kadhaa. Wakati huo nilishavuka 55, na kule ukifika umri huo (utapanda kuwa 57 kuanzia tarehe 6 Aprili 2028, kwa hiyo kama una miaka hamsini na kitu angalia vizuri) unaruhusiwa kuchukua robo ya mfuko bila kodi, ila kuna kikomo, pauni 268,275 kwa jumla kwa watu wengi. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi zamani alikuwa ameshatangulia kuhamia nchi nyingine, akaamua kwanza atulie, apange nyumba, ajipange kimaisha, ndo achukue ile robo yake. Akaichukua. Ofisi ya kodi ya kule alikohamia ikamwambia sisi kwetu hakuna kitu kinaitwa robo isiyotozwa, hayo ni mapato kutoka nje, na wewe ni mkazi wetu. Alilipia yote. Aliwaonyesha barua ya mfuko imeandikwa kabisa haina kodi, haikusaidia, maana "haina kodi" maana yake haina kodi Uingereza.

Aliponipigia kunisimulia alikuwa na hasira mpaka sauti inatetemeka, na mi nikiwa bado nipo Uingereza nikajua hapohapo nifanye nini. Nikachukua yangu kabla sijahama, nikiwa bado mkazi wa kule. Nikatunza kila kitu: tarehe ya malipo kwenye taarifa ya benki, mkataba wa nyumba niliyokuwa nakaa, tiketi ya safari ya kuondoka. Na kweli nilikuja kuulizwa baadaye, afisa alitaka kujua hela ile iliingia lini na mi niliwasili lini. Nilimpa karatasi, yakaisha.

Angalizo kwa walioko Marekani na wana pensheni ya Uingereza: usichukue ile robo kwa kusoma tu kwamba mkataba wao unasema malipo ya mkupuo yanatozwa kule yanakotoka. Ule mkataba una kipengele kinachoiruhusu Marekani kuwatoza wakazi na raia wake kama vile mkataba haupo, na wataalamu wanabishana mpaka leo kipi kina nguvu. Mshauri wangu wa kule aliniambia usiguse, na ushauri huo nilimlipa kwa shingo upande lakini ulikuwa na thamani yake.

Suala la ukazi nalo watu wanalichukulia kirahisi. Utasikia "hesabu siku 183 tu basi", yaani ukikaa siku hizo kwa mwaka ndo unakuwa mkazi. Sio hivyo tu. Nchi nyingi ukiwa na nyumba ya kudumu na familia yako ipo pale unaweza kuhesabika mkazi hata kama siku ni chache. Na unaweza kuhesabika mkazi wa nchi mbili kwa wakati mmoja, ndo hapo mkataba kama upo unaangalia nyumba ya kudumu iko wapi, maisha yako yameegemea wapi zaidi, unalala wapi mara nyingi, uraia, kwa mpangilio huohuo. Kama mkataba haupo, hakuna wa kuamua, kila nchi inashika msimamo wake. Na wenye kadi ya kijani ya Marekani (kibali cha ukazi wa kudumu) msidhani ukipanda ndege umemalizana nao, Marekani inaendelea kukuhesabu mkazi wake wa kodi mpaka uirudishe rasmi, na ukiwa umekaa nayo miaka 8 au zaidi katika 15 kuna kodi ya kuondokea inayoweza kukugusa.

Haya, mikataba. Mikataba mingi inafuata mfano wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri), na kifungu cha 18 kinasema pensheni ya sekta binafsi inatozwa kule mtu anakoishi. Kifungu cha 19 kinashughulika na waliofanya kazi serikalini, wao kwa kawaida wanatozwa na serikali inayowalipa, isipokuwa kama ni mkazi na pia raia wa ile nchi nyingine. Mfano wa Umoja wa Mataifa, ambao nchi nyingi zinazoendelea zinaupenda, unaacha malipo ya hifadhi ya jamii yatozwe na nchi inayolipa. Hiyo ni mifano tu, mkataba wako wewe unaweza kuwa tofauti kabisa. Usisome muhtasari, tafuta mkataba wenyewe, zinapatikana bure kwenye tovuti za wizara za fedha, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha pensheni, soma mara mbili. Mingine ina maneno kwamba nafuu unapata tu kama hela hiyo inatozwa kweli kule unakoishi, kwa hiyo ukitaka kusamehewa na pande zote mbili hupati.

Nilipohamia nilidhani kwa kuwa mkataba upo basi Uingereza wataacha kunikata wenyewe. Hawaachi wenyewe, mkataba haujitekelezi. Unajaza fomu (kule inaitwa DT-Individual, nchi nyingine wana toleo lao), unaipeleka kwa ofisi ya kodi ya unakoishi waigonge muhuri kuthibitisha wewe ni mkazi wao, inarudi Uingereza, wakikubali wanauambia mfuko wako utumie msimbo wa kodi unaoitwa NT yaani usikate. Mpaka hapo mfuko unakata. Tena malipo ya kwanza ya kujichukulia mara nyingi wanakata kwa kodi ya dharura, wanahesabu kama vile kiasi hichohicho utakuwa unakichukua kila mwezi mwaka mzima, kwa hiyo ukichukua kikubwa mara moja makato yake unaweza kukaa chini.

Nilichofanya, na nakushauri na wewe, nilichukua kiasi kidogo sana kwanza. Kidogo kabisa. Lengo ni mfuko upokee msimbo sahihi wa kodi, afu kikubwa kifuate baadaye. Ukishakatwa zaidi unarudishiwa, ila unasubiri, na kusubiri kwenyewe hela imekaa kwao haikuzalishii chochote wakati wewe unakopa kulipa pango la nyumba.

Muhuri ndo ulinitesa kuliko yote. Ofisi ya kodi ya hapa hawakuwa wameizoea ile fomu, kila dirisha wananituma dirisha lingine, mmoja akasema hawagongi muhuri kwenye karatasi za serikali nyingine, mwingine akasema lete ritani (fomu za kutangaza mapato na kodi) za miaka mitatu wakati mi ndo kwanza nimehamia. Kilichokuja kusaidia ni kuacha kuomba "muhuri" nikaomba "cheti cha ukazi wa kodi", hicho wanacho kwenye orodha ya huduma zao na wanajua kukitoa, na nilipokipata afisa hakuona shida tena kugonga fomu. Kwa hiyo omba kitu kwa jina ambalo ofisi yako inalijua.

Katikati ya huko akatokea jamaa wa ushauri wa uwekezaji. Hawa watakutafuta tu, ukishaandika popote kwamba una pensheni nje wanakupata. Mtaratibu, kavaa vizuri, anakwambia hamisha pensheni yako yote ya Uingereza uiweke kwenye mfuko wa kimataifa kwenye nchi fulani ndogo yenye kodi laini, utakuwa huru. Mifuko ya aina hiyo ilianza kuruhusiwa mwaka 2006 na kuna watu imewafaa. Lakini tangu Machi 2017 Uingereza wanatoza asilimia 25 ya kiasi chote unachohamisha kama huingii kwenye misamaha, na msamaha mkubwa ni wewe kuwa mkazi wa nchi ileile mfuko ulipo. Zamani ukiwa Ulaya na mfuko ukiwa nchi nyingine ya Ulaya ulisalimika, hiyo nayo imeondolewa tarehe 30 Oktoba 2024. Na hata ukipata msamaha, ukihama nchi ndani ya miaka mitano ya kodi baada ya kuhamisha unaweza kudaiwa tena. Mfuko ukiwa hautambuliki kabisa, balaa, adhabu inaweza kufika asilimia 55.

Nilimuuliza jamaa swali moja: mi siishi huko mfuko ulipo, ile asilimia 25 nani analipa? Akaanza kunizungusha, mara sijui itafidiwa na faida ya miaka ya mbele, mara kuna namna. Nikamuuliza na wewe kamisheni yako ni kiasi gani na inatoka wapi. Hakupiga tena simu. Maswali hayo mawili ni ya bure, yatumieni.

Upande wa Marekani ndo hauna mkataba na hapa nilipo, na hapo ndo niliona tofauti. Akaunti yangu ni ile ya 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayowekwa kupitia mwajiri. Kanuni ya kwanza: ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu kuna adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida, ukiondoa mazingira machache. Kijana mmoja tuliyekuwa naye ofisini aliporudi kwao alizoa zote akiwa na miaka thelathini na kitu, alisema hataki kubaki na kitu nyuma. Wakamzuilia asilimia 30 kwa kuwa siyo mkazi, afu na ile adhabu bado ikamsubiri. Akapokea kiasi kile akajua ndo mwisho wa habari, na hakujua kwamba alikuwa na haki ya kujaza ritani na kudai sehemu irudi.

Hii ndo sehemu ambayo wengi hawaijui kwa hiyo naomba uisome taratibu. Usipokuwa mkazi wala raia wa Marekani na nchi yako haina mkataba nao, anayekulipa anakata asilimia 30 bila kuuliza. Lakini 30 ni zuio, siyo lazima iwe ndo kodi yako. Pensheni inayotokana na kazi uliyoifanya ndani ya Marekani inahesabika kama mapato yanayohusiana na shughuli za kule, na hayo yanatozwa kwa vidaraja vya kawaida ambavyo vinaanza na asilimia 10, halafu 12, na kuendelea. Unajaza fomu 1040-NR mwaka unaofuata, unaambatanisha fomu 1042-S ambayo mfuko wanakutumia kuonyesha walichokata, na tofauti unarudishiwa. Ukiwa unatoa kiasi cha wastani kila mwaka badala ya kuzoa zote mara moja, unabaki kwenye vidaraja vya chini na kinachorudi siyo kidogo. Kudai una miaka mitatu kwa kawaida, kwa hiyo kama ulishakatwa juzijuzi hujachelewa.

Shida ni kwamba hayo ni maneno, kwenye vitendo mfuko wangu haukutaka hata kuongea na mimi. Akaunti ilikuwa inatuma namba ya uhakiki kwenye simu yangu ya Marekani niliyoifunga siku naondoka. Kubadilisha namba ya simu lazima uingie kwenye akaunti, kuingia kwenye akaunti lazima upokee meseji kwenye ile namba. Nilipiga simu usiku wa manane kufuata saa zao, nasikiliza muziki wa kusubiri mpaka nautambua, dada mmoja mpole akaniambia tutume fomu ya karatasi yenye dhamana ya sahihi, kumbe hiyo ni muhuri maalum unaotolewa na benki za kwao kwa wateja wao, huku niliko hakuna benki hata moja inayoutoa. Siku hiyo nilikaa kimya muda mrefu, mke wangu akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Lilikuja kutatuliwa kupitia ubalozi wao, sahihi yangu ikathibitishwa pale na mfuko wakakubali badala ya ule muhuri, lakini walikubali baada ya msimamizi wa msimamizi. Kwa hiyo wewe ambaye bado hujaondoka: kabla ya kuhama badilisha namba ya simu na anwani kwenye kila mfuko, uliza kama wanatuma hela benki za nje, uliza kama wanahudumia mtu aliye nje kabisa maana wengine hawataki, na upate majibu kwa maandishi. Fomu ya W-8BEN ya kuthibitisha kwamba wewe ni wa nje nayo ina muda wake, inaisha mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini, iweke kwenye kalenda.

Basi, hela ya Marekani imetoka, imeshakatwa kule. Hapa nilipo nayo inahesabika mapato. Kwa nchi yenye mkataba, kodi uliyolipa kule inapunguzwa kwenye kodi ya huku. Bila mkataba inategemea, nchi nyingine zinatoa nafuu hiyohiyo kwa hiari yao, nyingine hazitoi, na ya kwangu inakuruhusu tu kutoa ile kodi kwenye mapato kabla ya kukokotoa. Inasikika kama kitu kilekile ila sio. Fanya umepokea 1,000, Marekani wamekula 120, na kiwango cha huku ni asilimia 25. Nafuu kamili: kodi ya huku ni 250, unatoa 120 unalipa 130, jumla umelipa 250. Nafuu ya nusunusu kama yangu: wanatoza asilimia 25 ya 880 iliyobaki, yaani 220, ukijumlisha na ile 120 umelipa 340. Ile 90 ni bei ya mkataba ambao haupo.

Na usiweke kwenye hesabu ile asilimia 30 iliyozuiliwa ukidhani utaidai huku. Wanatambua kodi uliyostahili kulipa kule, sio iliyozuiliwa ambayo ungeweza kurudishiwa. Kuna watu wanaona uvivu kujaza ritani ya Marekani wakisema nitapunguziwa nyumbani, hupunguziwi.

Kuna na fedha za kigeni. Hela ilikatwa kwa dola, unatangaza kwa sarafu ya unakoishi, kiwango cha siku gani? Sheria za nchi zinatofautiana, wengine siku ya malipo, wengine wastani wa mwaka. Sarafu ya huku ikishuka, pensheni ileile inaonekana imekua na unaweza kupanda kidaraja cha juu wakati maisha yako hayajabadilika hata kidogo. Mi natunza picha ya kiwango cha benki kuu cha kila siku niliyopokea.

Wapo watakaosema kaa kimya, watajuaje. Nami nilishauriwa hivyo na watu ninaowaheshimu, wakubwa zangu kabisa. Zamani huenda ilikuwa hivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ya kufuatilia akaunti za nje, afu mfumo wa OECD wa kubadilishana taarifa uliotoka 2014 na kuanza kutumika 2017, vimefanya ofisi za kodi zitumiane data zenyewe kila mwaka. Baadhi ya mifuko ya pensheni imeachwa nje ya mfumo huo, ni kweli, lakini hela ikishatua kwenye akaunti ya benki nchi nyingine hiyo akaunti haijaachwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zenyewe zinapeana hata taarifa za pensheni moja kwa moja. Ndugu yangu mmoja alipata barua inayotaja mpaka kiasi. Alilipa kodi, riba na faini, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kodi yenyewe peke yake ilikuwa ndogo.

Kitu kingine nilichokuwa sikijui ni kwamba serikali zenyewe zinagombana juu yetu. Ukimruhusu mtu asilipe kodi kwenye michango miaka thelathini, afu akahama siku ya kustaafu, aliyepoteza ni wewe na anayekusanya ni jirani. Ndo maana Ubelgiji ilikataa kumpa mtu nafuu kwa michango ya mfuko wa nje, na Mahakama ya Ulaya ikaikubalia mwaka 1992. Baadaye mahakama hiyohiyo ilibadilika, Denmark ilishindwa kesi kama hiyo mwaka 2007. Ureno nayo iliweka mpango wa kuvutia wageni mwaka 2009, pensheni za nje zikawa hazitozwi kabisa kwa wanaostahili, wastaafu wa kaskazini wakamiminika. Finland walikasirika mpaka wakavunja mkataba, kuanzia 2019 wakaanza kuwatoza wenyewe watu wao walioko Ureno. Sweden nao wakavunja wa kwao na Ureno na Ugiriki, ukaisha mwanzo wa 2022. Denmark ilishafanya hivyo kwa Ufaransa na Hispania, mwaka 2009. Ureno yenyewe ikaweka asilimia 10 kwa wapya mwaka 2020, na 2024 mlango ukafungwa kwa wapya.

Fikiria umeuza nyumba, umehamisha familia kwa sababu ya asilimia sifuri, afu mkataba unavunjwa ukiwa na miaka sabini. Kwa hiyo akija mtu na dili la nchi inayotoza wastaafu kidogo, ipo mfano Ugiriki kuna asilimia 7 kwa miaka 15, sikwambii usiende. Nakwambia piga hesabu ukitumia kiwango cha kawaida cha hiyo nchi, ikiwa bado maisha yanawezekana nenda.

Nisisahau pensheni za serikali, tofauti na mifuko. Nilidhani miaka yangu Marekani imepotea kwa sababu haikutosha ile kumi inayotakiwa, kumbe Uingereza na Marekani wana makubaliano ya kuunganisha miaka ya michango, kwa hiyo ya Uingereza inanisaidia kufuzu kule, ila wanalipa kwa uwiano wa muda niliochangia. Wengi wanaacha hela hapo kwa kutouliza. Asiye mkazi wa kule na asiye na mkataba anazuiliwa asilimia 30 ya asilimia 85 ya malipo hayo, yaani 25.5. Na ile ya Uingereza, ukiishi nchi ambayo hawana makubaliano nayo ya kuipandisha haipandi kila mwaka, inabaki palepale ulipoanzia mpaka unakufa. Nimeona wazee wanaigundua hiyo wakiwa na miaka themanini.

Gharama? Mshauri wa kodi wa Marekani, wa Uingereza na wa hapa, kila mmoja anajua kipande chake na hajui cha mwenzake, na wote wanatoza kwa saa. Nilichokuja kufanya ni kuandika karatasi moja ya historia yangu: niliishi wapi kuanzia lini mpaka lini, mfuko upi, kiasi, umri, na maswali yangu chini. Naituma kabla ya kikao. Kikao kinakuwa kifupi na bili inashuka. Nyumbani tuligombana pia, sina sababu ya kuficha, mke wangu aliona nimeoa makaratasi, na alikuwa na haki maana na yeye haelewi kitu na mi ndo nakaribia uzee.

Hilo la yeye kutoelewa ndo lililonifungua macho juu ya kitu cha mwisho. Akaunti ya 401(k) ni mali iliyoko Marekani, na mtu asiye raia wala mkaazi wa kule akifa, msamaha wa kodi ya mirathi ni dola 60,000 tu bila mkataba, wakati wa kwao wenyewe wanasamehewa mamilioni. Kiwango cha juu ni asilimia 40. Na Uingereza kwenye bajeti ya Oktoba 2024 walitangaza kwamba pensheni ambazo hazijatumika zitaanza kuhesabiwa kwenye kodi ya mirathi kuanzia tarehe 6 Aprili 2027, wakati kabla ya hapo watu wengi waliambiwa waziache ziwe za mwisho kuguswa. Ushauri niliopewa na mimi miaka ya nyuma ulikuwa huohuo, tumia vingine vyote, pensheni iache. Nimeugeuza. Sasa natoa ya Marekani kila mwaka kwa kiasi kisichovuka daraja la asilimia 12, nikilenga ishuke chini ya ile 60,000 mapema iwezekanavyo, nakubali kutozwa mara mbili kwa hesabu ile ya 340. Ya Uingereza inafuata taratibu. Jina la mke wangu nimehakikisha lipo kwenye fomu ya mrithi ya kila mfuko, na tumekaa naye tukapiga simu kwa kila mfuko yeye ndo akiongea, ili sauti yake waisikie na yeye ajue anabonyeza namba ngapi kufika kwa binadamu.